Mama wa Ndani ya Noah

Mjomba wangu ana Noah ya kijivu ambayo inasali. Ndivyo alivyoamini yeye kwa karibu miaka minne. Kila alfajiri pale Uyole, akizungusha ufunguo na kabla injini haijatulia, sauti ya mwanamke ilitoka kwenye dashibodi, sauti laini, ya heshima, ya mtu ambaye hajawahi kugombana na konda. Ilisema sentensi moja ya Kijapani, kisha ikanyamaza. Mjomba alijibu "Amina", akarekebisha kioo, akaondoka.

Abiria nao walikuwa na tafsiri zao. Mama mmoja muuza parachichi alisema yule dada anatuambia tufunge mikanda. Mzee mwingine, ambaye hupanda kila Jumatatu kwenda Makambako, alishikilia kwamba ni salamu tu, kama shikamoo. Mjomba, ambaye ni Mmoravian wa kuzaliwa, hakubishana nao. Yeye alijua ni dua ya safari. Barabara ya Mbeya kwenda Iringa ina malori ya Tunduma usiku na mchana, ina ukungu, ina makaburi ya watu anaowafahamu kwa majina. Gari linaloanza siku kwa maneno ya upole halikuwa jambo dogo kwake.

Mimi ndiye niliyeharibu. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni Iringa, na nilikuwa nimeanza Kijapani kwa njia ambayo vijana wengi wa rika langu wanaanza: anime usiku wa manane, kwa bando la usiku, na ile programu ya simu yenye bundi wa kijani. Likizo moja nikapanda mbele na mjomba. Mama akasema maneno yake. Nikasikia "kaado", nikamwomba mjomba azime na kuwasha tena, nikaiandika sentensi nilivyoisikia, nikaitafuta. Haikuchukua dakika tano.

"Mjomba, huyu mama hasali. Anasema kadi ya ETC haijaingizwa."

ETC ni mfumo wa Kijapani wa kulipia barabara kuu. Gari lina kifaa, kifaa kina kadi, na gari linapita kwenye lango la malipo bila kusimama huku pesa zikikatwa. Ukiwasha gari bila kadi, kifaa kinakukumbusha. Noah ile ilikuwa imeuzwa mtumba, imepakiwa melini, imeshushwa bandarini Dar es Salaam, imepanda Kitonga, imefika Uyole mahali ambapo hakuna lango lolote la ETC, na mama wa watu bado alikuwa anakumbusha kuhusu kadi.

Mjomba alikaa kimya mpaka karibu na Igurusi. Kisha akasema, "Kwa hiyo miaka minne yote ananidai?" Abiria walikufa kwa kicheko. Na yeye alicheka. Lakini kesho yake nilikuwa nimelala chumba cha uani, nikasikia gari likiwashwa, mama akasema sentensi yake, na mimi bila kukusudia nikasubiri ile "Amina". Haikuja.

Kwa muda mrefu nilidhani swali langu la maadili ni hilo: je, nilikuwa na haki ya kumnyang'anya mjomba sala yake? Ni swali zuri la kujadili bwenini na chai ya rangi. Siku hizi naliona jepesi. Kuna jingine lililonipata kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu, na nimelikwepa miaka mitatu. Nitalifikia, ila nianze na yale ambayo ni rahisi kuyasema.

Kijapani kinamdanganya Mswahili kwa upole sana. Silabi zake karibu zote zinaishia na irabu, kama zetu. Mtoto wa darasa la nne wa Mafinga, ukimwandikia sentensi ya Kijapani kwa herufi za kwetu, ataisoma vizuri kuliko mtalii wa Kiingereza aliyesomea. Na humo ndani anakutana na maneno anayoyajua. "Nani" ipo, lakini wao wanauliza "nini". "Mimi" ipo, lakini ni sikio. "Shimo" ni sehemu ya chini, ambayo angalau inakaribia. "Kesho" ni vipodozi. "Jiko" ni ajali, kwa hiyo rafiki yangu aliyetangaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba amepata jiko alipokea pole zangu, na hakuelewa kwa nini. Yapo mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa, maana kuna mji mkubwa wa Japani ambao Mtanzania hawezi kuutaja mbele ya mama mkwe.

Tatizo la ukaribu wa aina hii ni kwamba ulimi unafika kabla ya akili. Unatamka vizuri, na kutamka vizuri kunakupa hisia ya kuelewa. Mtu anayehangaika kutamka neno hukumbuka muda wote kwamba ni mgeni. Sisi hatukumbushwi. Hata "hai" ya Kijapani, ambayo kila anayetazama anime anakwambia ni "ndiyo", mara nyingi inamaanisha tu kwamba nakusikia, endelea, kama "ehee" zetu kwenye simu. Ukidhani kila "hai" ni makubaliano utaondoka kwenye kikao umejaa furaha na huna kitu mkononi.

Na tumezungukwa na lugha hiyo kuliko tunavyodhani. Tunaendesha kushoto kama wao, ndiyo maana magari yao ya mtumba yanatufaa bila kubadilisha usukani. Yanakuja na kila kitu: redio ambayo masafa yake yanaishia 90 wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, mpaka fundi aongeze kifaa, skrini inayoomba ramani ya nchi nyingine, maandishi ya ubavuni ambayo wenye magari hawayafuti kwa sababu yanathibitisha kwamba mali imetoka kwa mwenyewe. Nimewahi kupanda basi dogo lililoandikwa jina la shule ya chekechea, limejaa wanaume wazima wanaokwenda mnadani.

Hayo yote hayana madhara. Watu wameishi na maneno ya wageni kwenye magari yao na hakuna aliyekufa.

Lakini upo upande mwingine, ule wa sisi tunaojiita wasomi, ambao hatusomi maandishi ya ubavuni mwa basi bali tunanunua maneno. Miaka michache iliyopita nilihudhuria semina ya vijana pale Iringa mjini. Mzungumzaji, kijana nadhifu sana, alichora duara nne zinazoingiliana: unachokipenda, unachokiweza, dunia inachokihitaji, na unacholipwa. Katikati akaandika neno moja: IKIGAI. Akasema hii ndiyo siri ya zamani ya Wajapani. Tukapiga picha ubao. Mimi pia nilipiga, na jioni niliiweka kwenye status.

Duara zile si za zamani na si za Wajapani. Mchoro wa duara nne kuhusu kusudi la maisha ulikuwa wa Mhispania, Andrés Zuzunaga, na haukuwa na neno ikigai. Mwaka 2014 mwandishi wa blogu, Marc Winn, aliuchukua, akafuta neno la katikati, akaweka ikigai. Baada ya hapo ukazunguka dunia nzima mpaka ukafika Iringa. Kwa Wajapani neno hilo ni la kawaida tu: "iki" ni uhai, "gai" ni kuwa na thamani, kwamba jambo linastahili. Bibi anaweza kusema ikigai yake ni mjukuu, au bustani, au kikombe cha asubuhi. Halihitaji mshahara.

Na hapa sikubaliani na wale wanaosema acheni pedanti, neno likisaidia linatosha. Nilikuwa nimekaa na rafiki yangu aliyemaliza shahada ya ualimu na alikuwa anasubiri ajira mwaka wa nne, huku akifundisha watoto wa jirani hesabu bure kwa sababu hawezi kukaa bila kufundisha. Aliangalia ubao kwa muda. Kisha akaninong'oneza, "Duara la nne sina. Kwa hiyo hii kitu sina." Alikuwa mtu mwenye ikigai kuliko wote mle ukumbini, na neno lenyewe, lilivyofika kwetu, lilimwambia hana.

Baadaye nilijifunza kwamba kitabu kilicholichimba neno hilo kwa uzito, Ikigai ni Tsuite cha mwaka 1966, kiliandikwa na daktari wa magonjwa ya akili, Mieko Kamiya, aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa wa ukoma waliotengwa kisiwani Nagashima. Watu wale walikuwa wamenyang'anywa kazi, familia, wakati mwingine hata majina. Duara tatu kati ya nne zilishafutwa kwao. Kamiya alitaka kujua kwa nini, hata hivyo, baadhi yao walikuwa na kitu cha kuamkia. Yaani neno lililokua kitandani mwa watu wasiolipwa lilikuja kwetu kama kipimo cha malipo. Hilo ni zaidi ya kosa la tafsiri. Laiti ningelijua siku ile ningemwambia rafiki yangu kitu.

Waswahili hatuna haki kubwa ya kushangaa. Neno letu "safari" limeenda Ulaya likarudi likiwa na kofia ya kaki, na ukimwambia mtalii wa Ruaha kwamba umefanya safari ya kwenda msibani anashangaa ulienda kuangalia wanyama gani. "Hakuna matata" ilisajiliwa Marekani kama alama ya biashara kwa ombi la Disney lililopelekwa mwaka 1994, na mwaka 2018 maelfu ya watu wakasaini pingamizi mtandaoni, ingawa wengi wetu huku tungesema tu "hamna shida". Tunajua inavyouma neno lako likirudi nyumbani halikutambui. Tumelisahau hilo haraka tu tulipopata la wengine.

Sasa, je, kila neno linalobadilika njiani limekosewa? Hapana, na ushahidi ninao Mbeya. Mwaka 2007 Wizara ya Afya, ikishirikiana na Wajapani wa JICA, ilianza kuleta nchini utaratibu wa 5S na Kaizen katika hospitali, na Hospitali ya Rufaa Mbeya ndiyo iliyokuwa ya kwanza kujaribiwa. Ukiwahi kuuguza pale huenda umeona mabango. S tano za Kijapani ni seiri, seiton, seiso, seiketsu, shitsuke. Waliotafsiri walijiwekea mtego: ziwe tano na zote zianze na S kwa Kiswahili. Wakatoka na Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia.

Nazipenda. "Sasambua" kwa kupanga vitu visivyotakiwa inanichekesha kidogo, kwa sababu kwa bibi yangu mtu akisasambua anavua nguo, lakini huenda stoo ya hospitali iliyojaa vitanda vibovu inahitaji hasa kuvuliwa nguo. Ile ya tano ndiyo inayonisimamisha. "Shitsuke" si kushikilia. Ni malezi, ni adabu ambayo mtoto anafundishwa mpaka inaingia mwilini, na herufi yake, waliyoibuni Wajapani wenyewe, imeunganisha "mwili" na "uzuri". Kati ya malezi na kushikilia kuna umbali. Malezi unayapokea kutoka kwa mtu aliyekulea. Kushikilia unaweza kuagizwa na mkuu wa idara.

Lakini siwezi kuiita makosa. Sikuwepo chumbani walipochagua, ila naona kazi ya watu waliojua wanachokiacha. Walikuwa na neno la Kijapani mbele yao, walijua uzito wake, na wakaamua nesi wa zamu ya usiku anahitaji kitu cha kukumbuka kwa herufi moja. Waliacha malezi mezani kwa makusudi. Kiswahili chote kimejengwa hivyo. Wajerumani walipoondoka tulibaki na "shule" na "hela" na hatukuwauliza tena maana. "Kaizen" yenyewe kwa Mjapani ni "uboreshaji" tu, neno la kila siku. Sisi tunalitamka kama jina la malaika, basi na liwe jina la malaika, mradi wodi ni safi.

Kwa hiyo kuna kukosea kwa mjomba, ambaye alijaza ukimya kwa kitu chake mwenyewe na gharama, kama ipo, ni yake. Kuna kubadilisha kwa wale wa hospitali. Na kuna jambo la tatu, ambalo ni langu.

Baba yangu mdogo analima mpunga Ubaruku, wilaya ya Mbarali. Magunia yake ndiyo yaliyonisomesha; sisemi kwa mafumbo, nilikuwa napigiwa simu kuambiwa kwamba leo yameuzwa sita, nenda ukalipe. Mwaka ule alinunua pawatila ya mtumba kutoka Japani. Wanaolima Usangu wanajua pawatila ni nini kwa familia: ni kuacha kukodi ng'ombe, ni kuwalimia majirani kwa pesa. Nilifika likizo nikakuta mashine imeegeshwa chini ya mwembe kama bibi harusi, na majirani wamekaa pembeni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umefika wakati mzuri. Si unajua Kijapani wewe? Hebu njoo utusomee."

Mjomba alikuwa ameshasambaza habari za ile kadi ya ETC. Nilikuwa nimefika na sifa zangu zimenitangulia.

Pembeni ya mfuniko wa rejeta kulikuwa na stika, imefubaa, herufi nne: 高温注意. Nilikuwa najua herufi kama mia moja wakati ule, labda pungufu. Ya kwanza niliitambua, ni "juu", ninaiona kwenye kila anime ya wanafunzi kwa sababu iko kwenye neno la shule ya sekondari ya juu. Ya pili sikuijua, lakini upande wake wa kushoto kulikuwa na vile vidoa vitatu vinavyoashiria maji. Ya tatu niliifahamu kwa maana moja tu, "kumimina", na nayo ina vidoa vya maji. Ya nne sikuijua kabisa, nikaipita. Juu, maji, kumimina. Na stika iko pembeni ya mahali pa kuwekea maji. Nilisikia furaha kifuani, ile furaha ya hesabu inapokubali.

"Inasema mimina maji mpaka juu," nilisema.

Watu wakatikisa vichwa. Baba mdogo akamgeukia mwanae, kijana wa miaka kumi na sita ambaye ndiye angeiendesha. "Umesikia? Maji yasipungue. Mpaka juu."

Siku ya tatu, saa saba mchana, injini ikachemka shambani. Kijana aliona maji yamepungua na alikumbuka maagizo. Akakamata kitambaa, akafungua mfuniko. Mvuke na maji ya moto vikamruka mkononi, shingoni na kwenye taya la kushoto. Nilikuwa kwenye jaruba la jirani. Niliusikia mlio wake nikadhani ni ndege.

Alipona. Kovu lipo, linaanzia chini ya sikio linashuka. Siku ya nne nilikwenda peke yangu kwenye mashine, nikapiga picha ile stika, nikaitafuta herufi kwa herufi, kama nilivyopaswa kufanya mwanzoni. Joto kali, tahadhari. Herufi mbili za mwisho, zikiwa pamoja, si za kumimina chochote. Ni neno moja linalomaanisha "kuwa mwangalifu", na linatamkwa "chui", ile "u" ikivutwa kidogo. Maandishi yaliandika chui, mimi nikasoma maji.

Hakuna aliyenilaumu, kwa sababu hakuna aliyejua. Baba mdogo alisema ni ajali. Fundi aliyekuja alisema vijana huwa wanafungua rejeta za moto kila siku, hata bila kuambiwa, na ni kweli, huwa wanafungua. Inawezekana angeungua hata kama ningekaa kimya. Nimeitumia hoja hii usiku mwingi, ni mto mzuri wa kulalia. Kisha chuoni, kwenye kozi ya maadili niliyoichukua kujaza ratiba, nikakutana na insha ya Mwingereza W. K. Clifford ya mwaka 1877. Anamzungumzia mwenye meli ambaye ana mashaka kama meli yake ni nzima, akayafukuza mashaka yale kwa kujiambia imeshasafiri salama mara nyingi, akaiaga kwa moyo mweupe, nayo ikazama na watu. Clifford anasema ana hatia, japo aliamini kwa dhati, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini kwa ushahidi aliokuwa nao. Halafu anaongeza jambo lililonifanya nifunge kompyuta: hata kama meli ingefika salama, hatia yake isingepungua hata kidogo.

Yaani ile siku ya kwanza chini ya mwembe, kabla mtu hajaungua, nilikuwa nimeshakosa. Mvuke ulikuja tu kunionyesha.

Nimejiuliza kwa nini sikusema "sijui". Si neno gumu. Hata bundi wa simu wakati ule alikuwa anakubali ukikosea, alikupunguzia moyo mmoja mkaendelea. Lakini pale Ubaruku "sijui" ilikuwa na bei. Wale wazee walikuwa wanatazama magunia yao, yaani mimi. Familia iliyokusomesha haikuombi uwe na hekima, inaomba ujibu. "Wewe si umesoma?" ni swali ambalo halina nafasi ya hapana ndani yake. Na sisi tuliosoma kidogo tumejifunza kulijibu kwa sura ya uso, kwa kukohoa kidogo, kwa kuunganisha vidoa vitatu na mfuniko. Daktari feki anakamatwa. Anayejua herufi mia moja anaombwa asome tena. Sisemi hivi ili kujitetea. Mwenye meli wa Clifford naye alikuwa na sababu zake. Nasema kwa sababu nadhani wengi mnaosoma hapa mmewahi kusimama chini ya mwembe wa namna hiyo, na karatasi ya hospitali, au barua ya mahakama, au kijikaratasi cha dawa ya mimea, na mzee ameketi mbele yenu anasubiri.

Nilimwambia binamu yangu mwaka jana. Tulikuwa tumekaa kwenye tuta la mfereji. Nilimwonyesha picha ya stika, nikamweleza herufi moja moja, nikamwambia inavyotamkwa. Alinyamaza, akagusa shingo, kama anavyofanya hata akiwa anawaza mambo mengine. Kisha akacheka kwa sauti. "Yaani iliandikwa chui kabisa? Na wewe ukaniambia kunywesha?" Aliendelea kucheka mpaka na mimi nikacheka, ingawa sikuwa na uhakika kama nina ruhusa. Alipotulia akauliza, "Baba anajua?"

Hajui. Kwa baba mdogo mimi bado ndiye kijana anayesoma Kijapani. Msimu uliopita alinitumia kwa WhatsApp picha ya stika nyingine, ya mashine ya kukoboa, akaandika: "Hii nayo inasemaje mwanangu." Nilimtafutia, nikalinganisha kamusi mbili, nikamwomba mtu anayejua kweli anithibitishie, nikamjibu baada ya siku mbili. Akashangaa kwa nini nimechelewa, zamani nilikuwa nasoma palepale.

Wiki iliyopita nilisafiri tena na mjomba kutoka Uyole. Alfajiri, baridi ile ya Juni, vioo vimefunga ukungu. Akazungusha ufunguo na mama akasema kadi haijaingizwa. Mjomba akagonga dashibodi kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayempoza mdeni wake. "Kesho mama," alisema. "Kesho nakuletea." Nikakumbuka "kesho" ni nini kwa huyo mama, nikafungua mdomo nimweleze mjomba kwamba anamwahidi vipodozi. Nikaufunga.

Tulipita Chimala jua likitoka. Nilikuwa nimelipa nauli ya mpaka Iringa. Tulipokaribia Igawa nikamwambia mjomba anishushe njia panda, nina maongezi na baba mdogo.